Kompyuta ya prosesa mbili kutoka vipuri vya zamani: nani atafaidika, nani atalipa umeme bure?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa bure kama zamani. Kompyuta nyingi za Ulaya na Marekani ambazo haziwezi kupokea Windows 11 zinatolewa ofisini, na sehemu yake itafanya safari tunayoijua: kontena, bandari, mpaka, kisha meza ya fundi. Ndani ya mizigo ya namna hiyo mna mashini ambazo wengi huzipita bila kuzitambua. Ni zile kompyuta nzito za wahandisi na wachoraji wa ramani, pamoja na vipande vya seva, vilivyotengenezwa kubeba prosesa mbili kwa wakati mmoja.

Wazo la kuunganisha mashini kama hiyo kutoka vipuri vya okazyo linawavutia mafundi vijana, wanafunzi wa informatika na wenye studio za video. Mfano mmoja unatosha kueleza sababu. Prosesa ya Intel Xeon E5-2670 ilipotoka mwaka 2012, bei yake ya orodha ilikuwa dola 1,552. Mwaka 2016, vituo vikubwa vya data vilipokuwa vinauza seva zao za kizazi hicho, prosesa hiyo hiyo ilipatikana Marekani kwa chini ya dola 100 katika soko la vitu vilivyotumika. Kila moja ina viini 8. Ukiweka mbili unapata viini 16, na programu zinaona nafasi 32 za kufanyia kazi.

Ukisikia hesabu hiyo, mkono unaenda mfukoni haraka. Lakini kabla ya kutoa pesa kuna maswali matatu. Je, kazi yako inaweza kugawanywa? Je, vipuri vinapatana? Na umeme utatoka wapi?

Chukudu mbili hazikimbii kuliko moja

Mtu wa Goma ataelewa swali la kwanza kwa mfano wa chukudu. Ukiwa na magunia 20 ya makala ya kushusha mjini, chukudu mbili zitamaliza kazi karibu na nusu ya wakati. Lakini ukiwa na gunia moja tu, chukudu ya pili haitalifikisha mapema. Itasimama kando ikingoja.

Prosesa ya pili ni hivyo hivyo. Haiongezi mwendo wa ya kwanza, inaongeza mikono. Mwaka 1967, mhandisi wa Marekani Gene Amdahl alieleza mpaka wa jambo hili kwa hesabu ambayo wanafunzi wa informatika wanaisoma hadi leo. Kama asilimia 90 ya kazi inaweza kugawanywa, mikono miwili itaifanya kazi hiyo kwa kasi ya mara 1.8 hivi. Kama ni nusu tu inayogawanyika, kasi itaongezeka kwa theluthi moja, basi. Na kama kazi haigawanyiki hata kidogo, umenunua prosesa ya pili kwa ajili ya kupasha nyumba joto.

Kuandika barua, kujaza hesabu za duka, kusoma habari, kutazama video moja: hizo ni kazi za gunia moja. Mwenye sekretaria ya kuchapisha hati atafaidika zaidi akiondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD, kisha akaongeza RAM kidogo. Kompyuta yake ya prosesa moja itaamka haraka na haitamla umeme.

Kazi zinazogawanyika ni za aina nyingine: kubadilisha video ndefu kuwa faili ndogo, kutengeneza picha za 3D kwa programu kama Blender, kuendesha mashini pepe kadhaa ndani ya mashini moja, kukusanya programu kubwa kutoka msimbo wake, au kuhudumia watu wengi kwa mara moja.

Mwaka 1999, ubao mmoja ulifungua mlango

Kwa muda mrefu, prosesa mbili zilikuwa mali ya matajiri. Kampuni, benki na vyuo vikuu ndizo zilizoweza kulipa. Mambo yalibadilika mwaka 1999, wakati kampuni ya Abit ya Taiwan ilipotoa ubao mama ulioitwa BP6. Ubao huo ulikubali prosesa mbili za Celeron, zile za bei ya chini ambazo Intel ilikuwa imezipanga kwa kompyuta za nyumbani, bila kuzibadilisha chochote.

Intel haikuwa imekusudia hivyo, lakini vijana wengi duniani walifurahi. Walinunua Celeron mbili za MHz 366, wakazikimbiza hadi MHz 550, na kwa pesa kidogo wakapata mashini ya kazi nzito. Muda si mrefu Intel ilifunga njia hiyo katika Celeron zilizofuata.

Kisa cha BP6 kina mafunzo mawili yasiyozeeka. La kwanza ni kwamba programu ya msingi lazima ijue kutumia prosesa mbili. Windows 98, iliyokuwa katika nyumba nyingi wakati huo, iliona moja tu. Aliyetaka zote mbili alihitaji Windows NT, Windows 2000 au Linux, ambayo ilianza kuzikubali rasmi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996. Tatizo hilo lipo hata leo kwa sura nyingine: Windows 10 Home hutumia prosesa moja tu, hata kama umefunga mbili. Unahitaji toleo la Pro. Linux kama Debian, Ubuntu au Mint haina kizuizi hicho na haidai malipo.

Funzo la pili linahusu uzee wenyewe. Miaka ilipopita, bao nyingi za BP6 zilikufa kwa sababu ya kondensateri zilizovimba na kuvuja. Prosesa haikuwa na shida. Kilichozeeka ni vile vimitungi vidogo vinavyotuliza umeme. Kwa hiyo, ukiuchukua ubao wa zamani mkononi, usianze kwa kusoma jina lake. Tazama kwanza vichwa vya kondensateri. Kikiwa kimetuna au kina uchafu wa rangi ya kahawia, umwachie mwenyewe, au mpunguzie bei ukijua kwamba chuma cha kuunguzia kitafanya kazi.

Namba inasema kabla ya muuzaji

Makosa mengi hutokea dukani, si wakati wa kufunga. Prosesa mbili haziunganishwi kwa sababu tu zinafanana. Core i3, i5 na i7 hazikuundwa kufanya kazi mbili mbili, hata ukipata za aina moja kabisa.

Kwa Xeon za familia ya E5, jibu limeandikwa juu ya prosesa yenyewe. Tazama namba ya kwanza baada ya kistari. E5-1650 inaanza na 1: inafanya kazi peke yake tu. E5-2670 inaanza na 2: zinaweza kuwa mbili kwenye ubao mmoja. E5-4650 inaanza na 4: zinaweza kufika nne. Fundi anayenunua E5-1650 mbili kwa kufikiri ataziunganisha amenunua mashini mbili nusu.

Kisha tazama mwisho wa jina. E5-2670 isiyo na nyongeza ni ya mwaka 2012. Yenye v2 ni ya kizazi cha 2013. Yenye v3, ya mwaka 2014, hutumia RAM ya DDR4 na soketi nyingine, haiingii kwenye ubao wa zile mbili za kwanza. Na zote mbili utakazofunga ziwe za jina moja na za alama moja. Alama hiyo, inayoanza na herufi SR, imechorwa kwenye kifuniko cha chuma. Kwa E5-2670, SR0H8 ni toleo la kwanza na SR0KX ni la pili. Anayetaka kuendesha mashini pepe achague la pili, kwa sababu la kwanza lina hitilafu katika sehemu inayokabidhi vifaa moja kwa moja kwa mashini pepe.

Upande wa makasha, yapo yaliyotengenezwa tayari kwa kazi hii: HP Z620 na Z820, Dell Precision T5600 na T7600, Lenovo ThinkStation D30. Hapa kuna mtego. Katika Z620, kama vile katika Dell T5500 ya kizazi kilichotangulia, prosesa ya pili haikai kwenye ubao mama. Inakaa kwenye ubao mdogo wa nyongeza unaochomekwa pembeni, na mashini nyingi huuzwa bila huo ubao. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu kuutafuta baadaye kunaweza kugharimu kuliko prosesa zenyewe. Mtego mwingine: Z620 na Z820 za mwanzo, ambazo BIOS yake inaonyesha boot block ya mwaka 2011, hazikubali prosesa za v2. Zile za mwaka 2013 zinakubali.

Boksi la umeme nalo lichunguzwe. Kompyuta hizi za HP na Dell hutumia maboksi yenye umbo na plagi za kampuni yenyewe. La kawaida la sokoni halitaingia. Likikufa, utatafuta la aina ile ile tu.

RAM ina habari njema kidogo. Seva hutumia RAM iitwayo ECC Registered, ambayo kompyuta za kawaida haziwezi kuitumia. Ndiyo maana barreti zake za zamani huuzwa kwa bei ya chini: wanunuzi ni wachache. Usizichanganye na barreti za kawaida katika ubao mmoja, mashini haitawaka.

Jambo la mwisho la dukani: prosesa hizi za E5 hazina sehemu ya picha ndani yake. Bila kadi ya picha, au kipande kidogo cha picha kilichomo kwenye baadhi ya bao za seva, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima.

Kufunga: taratibu, na kwa mpangilio

Katika prosesa hizi, pini hazipo chini ya prosesa. Zipo ndani ya soketi, 2,011 kwa kila moja, nyembamba kuliko nywele ya ufagio. Pini moja ikipinda, mashini inaweza kuwaka lakini ikapoteza sehemu ya RAM, nawe ukalaumu barreti bure. Kabla ya kuweka prosesa, mulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Pini zilizonyooka hung'aa kwa mistari sawa. Iliyopinda huvunja mstari.

Paka pasta ya joto kidogo, kiasi cha punje ya mahindi, kisha funga kipoza joto kwa kukaza skrubu kwa kupishana kona, si upande mmoja hadi mwisho. Pasta ya zamani iliyokauka lazima isafishwe kwanza kwa alkoli.

RAM igawanywe. Kila prosesa ina njia nne za RAM zake mwenyewe. Ukiweka barreti zote upande wa kwanza, prosesa ya pili italazimika kuomba kila kitu kwa jirani yake, na kazi itachelewa. Mwenye barreti nane aweke nne huku na nne huko. Mwenye nne aweke mbili mbili. Vivyo hivyo, baadhi ya nafasi za kadi kwenye ubao zimeunganishwa na prosesa ya pili tu. Ikitolewa, nafasi hizo hulala.

Washa kwanza kwa prosesa moja na barreti moja. Ikikubali, zima, chomoa umeme, ongeza ya pili. Njia hii inachosha, lakini inakuonyesha kipuri kibaya bila kubahatisha. Kama saa ya mashini inarudi nyuma kila ikizimwa, badilisha betri ndogo ya CR2032. Kisha iache ipime RAM usiku mzima kwa programu ya bure ya Memtest86+. Mwishoni, ndani ya Linux, andika amri lscpu. Mstari wa soketi lazima uonyeshe 2. Ukionyesha 1, kazi haijaisha.

Umeme ndio bei ya kweli

Hapa ndipo hesabu za video za Ulaya zinapoachana na maisha yetu. E5-2670 moja imepangwa kwa wati 115. Mbili ni wati 230, kabla ya kuhesabu RAM, diski, feni na kadi ya picha. Mashini nzima ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kufika wati 300 au kupita.

Tuchukue wati 300 kwa saa 8. Hiyo ni kilowati-saa 2.4 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni 62.4 kwa mwezi. Kompyuta ya mkononi ya wati 50, kwa saa zile zile, hutumia 10.4. Tofauti ni kilowati-saa 52 kila mwezi. Zidisha na bei unayolipa wewe kwenye mita yako, na utajua ni baada ya miezi mingapi ule urahisi wa vipuri utakuwa umeliwa.

Kwa wanaotumia jua, hali ni ngumu zaidi. Betri moja ya volti 12 na Ah 100 hubeba kilowati-saa 1.2. Betri ya risasi ikinyonywa zaidi ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo una 0.6 ya kutumia. Kwa wati 300, hizo ni saa mbili, na chombo cha kugeuza umeme kinakula sehemu yake pia. Mwenye jenereta anajua tayari bei ya lita moja.

Tena kuna mukato wa ghafla na umeme unaopanda na kushuka. Mashini ya prosesa mbili ikizimwa katikati ya kazi ya saa tano, saa tano zimepotea. Stabilizateri na onduleri yenye uwezo unaozidi wati za mashini si mapambo. Viingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kwa nani basi inafaa?

Inafaa pale ambapo mashini moja inachukua nafasi ya nyingi. Chukua shule au kituo cha mafunzo chenye kompyuta 15 za zamani, dhaifu, nyingine bila diski. Mashini moja ya prosesa mbili yenye GB 64 za RAM na SSD inaweza kuendesha kazi za wanafunzi wote kutoka sehemu moja. Zile dhaifu zinabaki kuwa skrini na kibodi tu, zikiunganishwa kwa waya wa mtandao. Programu za bure kama xrdp na X2Go hufanya kazi hiyo juu ya Linux. Ukimpa kila mwanafunzi GB 2, kumi na tano watatumia 30, na nafasi inabaki. Kwa kuandika, hesabu na masomo ya kuprogramu inatosha. Kwa video kumi na tano kwa mpigo, haitatosha. Na lazima wote wajue: mashini hiyo ikizimika, darasa lote limezimika.

Njia hii ina historia nzuri. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Stanford miaka ya 1990, waliendesha mwanzo wa Google juu ya mashini za mchanganyiko, nyingine za msaada. Miongoni mwake zilikuwa seva za Pentium II zenye prosesa mbili, walizopewa na Intel, na sanduku la diski walilolijenga kwa vipande vya Lego. Maswali ya watu wengi kwa mara moja ni kazi inayogawanyika vizuri kabisa.

Inamfaa pia mwanafunzi wa mitandao anayetaka kujenga maabara ya mashini pepe nyumbani, akiiwasha kwa saa chache tu. Kwa studio ya video za arusi na nyimbo, jibu ni la kati. Kazi itaenda vizuri, lakini kadi ya picha ya kisasa kidogo ndani ya kompyuta ya prosesa moja mara nyingi itaifanya kwa umeme mdogo zaidi. Kwa mwenye duka, kwa mwandishi, kwa familia: hapana.

Yaliyotoka kwetu yanarudi

Kuna sababu nyingine ya kutoidharau kazi hii. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za takataka za elektroniki duniani kwa mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kutumiwa upya kwa njia inayofaa. Ndani ya bao hizo mna tantali inayotokana na koltani, bati linaloshika vipande, na dhahabu kwenye miguso ya prosesa. Wachimbaji wa Kivu na Maniema wanayajua madini hayo kwa mikono yao. Kila ubao unaorudishwa kazini miaka mitano zaidi ni ubao ambao hautachomwa pembeni ya barabara.

Na kuchomwa ndiko kunakotisha. Kuunguza nyaya ili kupata shaba, au kutumbukiza prosesa katika asidi kutafuta dhahabu, hutoa moshi na sumu zinazobaki katika mapafu, udongo na maji. Faida ni gramu chache. Prosesa nzima yenye namba inayosomeka mara nyingi ina thamani kuliko dhahabu iliyo ndani yake.

Kwa anayetaka kujaribu bila kujifunga, ipo njia ya busara. Ubao wa soketi mbili hukubali kufanya kazi na prosesa moja, mradi iwekwe kwenye soketi ya kwanza. Nunua ubao mzuri, prosesa moja na RAM ya kutosha, ufanye kazi zako kwa mwezi mzima, huku ukisoma mita. Kama viini vyote vinachoka kila siku na kazi inangoja foleni, tafuta ya pili yenye alama ile ile. Kama vinalala, umejua ukweli kwa nusu ya bei.